Nyumba Yako Imeandikwa Jina la Nani?

(Haya ni mazungumzo niliyoyatoa mbele ya Watanzania wenzangu tunaoishi hapa Uingereza. Baadhi ya waliokuwepo waliniomba niyaandike ili wayasome kwa utulivu na wayatume kwa ndugu zao nyumbani. Nimeyaacha kama nilivyoyasema, isipokuwa nimeongeza tarehe na viwango pale ambapo siku ile nilivitaja kwa haraka.)



Nianze kwa kuwashukuru waandaaji kwa kunialika. Nimezoea kuja kwenye mikutano hii kusikiliza siasa, na leo naombwa nizungumze mambo ya nyumba na biashara. Wapo watakaosema hayo si mambo ya siasa. Mimi nasema ndiyo siasa yenyewe, kwa sababu mtu asiyejua kama nyumba aliyoijenga ni yake hana nguvu ya kumuuliza mtawala swali lolote. Niseme pia mapema kwamba mimi ni mhasibu, si wakili. Nitakayoyasema yatawasaidia kujua mkamuulize wakili nini, lakini hayachukui nafasi ya wakili.

Miaka michache iliyopita dada mmoja alikuja kwangu na mfuko wa rambo umejaa risiti. Sitamtaja jina wala mji. Alikuwa anafanya kazi za usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee, na kwa miaka 11 alikuwa akituma pesa Dar es Salaam kwa kaka yake ili amjengee nyumba. Kaka yake hakuwa mwizi, na hilo naomba mlishike. Alinunua kiwanja, akajenga msingi, akapandisha tofali, akapaua, akaweka madirisha, na kila hatua alituma picha. Nyumba ilipokwisha alihamia yeye na mkewe na watoto ili isikae tupu. Kiwanja kiliandikwa jina lake, kwa sababu ndiye aliyekuwepo siku ya kununua na muuzaji alitaka mtu wa kusaini.

Kisha kaka akafariki ghafla. Kwenye kikao cha familia cha mirathi nyumba ile ikaorodheshwa kuwa mali ya marehemu. Wifi hakuwa na ubaya. Yeye alijua kaishi kwenye nyumba ya mumewe, na hati ilisema hivyo hivyo. Dada akatoa risiti zake za kutuma pesa, lakini risiti zinasema pesa zilitumwa, hazisemi zilitumwa kufanya nini. Upande wa pili wakasema alikuwa anamsaidia kaka yake, kama ndugu yeyote wa Ulaya anavyosaidia nyumbani. Na kweli, baadhi ya zile pesa zilikuwa za ada za shule na za hospitali, zimechanganyika humo humo na za saruji.

Mwisho wa yote hawakwenda mahakamani. Mama yao mzazi alikuwa hai, na dada hakutaka kumuona mama yake anasimama kizimbani kati ya binti yake na wajukuu zake. Watoto wa marehemu wakabaki na nyumba, na yeye akaahidiwa kipande cha uwanja kilichobaki nyuma. Aliniambia, "Kaka, simlaumu wifi. Najilaumu mimi, kwamba kwa miaka 11 sikuandika hata ukurasa mmoja."

Ndugu zangu, huo ukurasa mmoja ndio mada yangu ya leo. Mali yoyote uliyonayo, iwe nyumba ya huko nyumbani, nyumba ya hapa Ukerewe, au kibiashara chako kidogo, iulize maswali matatu. La kwanza, imeandikwa jina la nani? La pili, makubaliano yako na wenzako yameandikwa wapi? La tatu, siku ambayo haupo, nani atakwenda ofisini na karatasi gani?

NYUMBA YA NYUMBANI

Tuanze na Tanzania Bara. Sheria mbili kubwa ni Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999, zilizoanza kutumika Mei 2001. Msingi wake ni kwamba ardhi yote ni mali ya umma na Rais ni mdhamini wake. Wewe unapewa haki ya kuimiliki kwa muda, ambao hauzidi miaka 99, na unailipia kodi ya pango la ardhi kila mwaka. Kwa hiyo mtu akikwambia "nimenunua ardhi", kwa lugha ya sheria amenunua haki ya kuitumia, na ushahidi wa haki hiyo ni karatasi.

Karatasi zenyewe hazifanani, na hapa ndipo wengi wetu tunapoliwa. Hati miliki iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati ndiyo yenye nguvu. Vijijini ipo hati ya hakimiliki ya kimila, nayo ni halali, lakini ardhi hiyo iko chini ya kijiji na ina masharti yake. Mijini, kwenye maeneo ambayo hayajapimwa, ipo leseni ya makazi. Leseni hiyo inakutambua kuwa upo pale, ila ni ya muda mfupi usiozidi miaka 5 na inabidi ihuishwe. Halafu ipo karatasi tunayoipenda kuliko zote, ile ya mauziano iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa. Muhuri ule unathibitisha kwamba mliuziana mbele ya mwenyekiti na mashahidi. Haukupi hati, na hauzuii yule yule muuzaji kesho akamuuzia mwingine mbele ya mashahidi wengine.

Kabla hujatuma hata senti ya kununua kiwanja chenye hati, mtume wakili, si dalali, akapekue kwenye daftari la Msajili wa Hati. Upekuzi huo utakuonyesha mwenye jina ni nani, kama benki imeshika hati kwa mkopo, na kama kuna zuio lililowekwa. Usiridhike na nakala ya hati iliyotumwa kwa simu, kwa sababu hati bandia nazo hupigwa picha vizuri. Kiwanja kisicho na hati hakina daftari la kupekua, hivyo waulizwe majirani wa pande zote nne, na aulizwe mke au mume wa muuzaji. Hili la mke si adabu tu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamkataza mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Ukinunua nyumba kwa baba wakati mama amekataa, umenunua kesi.

Sasa tuje kwa ndugu anayekusimamia. Sisemi usimwamini ndugu yako. Tusipowaamini ndugu zetu tutajengaje? Ninachosema ni kwamba kumwamini na kuandika ni vitu viwili vinavyokaa pamoja. Kiwanja kinunuliwe kwa jina lako, na ndugu asaini kwa niaba yako kwa hati ya uwakilishi. Hati hiyo unaisaini huku mbele ya mthibitishaji au kwenye ubalozi wetu London, halafu inasajiliwa nyumbani. Iandike kwa ufinyu. Kama kazi yake ni kununua na kusimamia ujenzi, iseme hivyo, wala isiseme kuuza wala kuweka rehani. Na mjue jambo hili ambalo wengi hawalijui: hati ya uwakilishi inakufa pamoja na aliyeitoa. Siku ukifariki wewe, ndugu yako hana tena mamlaka, hata kama karatasi iko mkononi mwake. Kuanzia hapo kinachotakiwa ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama.

Je, kama umechelewa, na nyumba tayari iko kwa jina la kaka, shemeji au rafiki? Usianze na ugomvi. Anza na karatasi wakati wote mko hai na mnapendana. Muandikiane tamko mbele ya wakili: kiwanja kilinunuliwa kwa pesa za fulani, fulani anakishika kwa niaba yake, na ataandikisha uhamisho akitakiwa. Mke wake au mume wake asaini pia kwamba anajua. Kisha mpange uhamisho wenyewe. Vile vile badilisheni namna mnavyotuma pesa. Pesa ya saruji itumwe peke yake na maelezo yake, pesa ya ada ya shule peke yake. Na msikae kimya kwa miaka mingi, kwa kuwa Sheria ya Ukomo wa Mashauri ya Bara inampa mtu miaka 12 kudai ardhi, na ikipita mlango umefungwa.

Kwa ndugu zangu wa Zanzibar, sheria zenu za ardhi ni tofauti, na ya msingi ni Na. 12 ya mwaka 1992. Mambo ya mirathi ya Waislamu yanakwenda kwenye mahakama ya kadhi, na Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana nayo ina nafasi yake. Kwa hiyo msichukue fomu ya Kariakoo mkaipeleka Darajani. Maswali matatu lakini ni yale yale.

URAIA NA ARDHI

Hapa naingia kwenye siasa kidogo, mnivumilie. Kwa mujibu wa Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, Mtanzania mtu mzima akichukua uraia wa nchi nyingine anapoteza uraia wa Tanzania. Na kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi kinasema asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Viunganisheni vifungu hivyo viwili, mtaona kwa nini suala la uraia pacha halikuwa suala la hisia tu. Mtu kabeba maboksi miaka 20, kajenga, halafu siku anapoapa mbele ya picha ya mfalme wa hapa ili apate pasi nyekundu au ya buluu, haki yake juu ya kile kiwanja inaingia kwenye mashaka.

Mapema mwaka 2025 Bunge lilipitisha marekebisho yanayogusa sheria za uhamiaji na za ardhi, kuwapa hadhi maalumu watu wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nje. Ni hatua, na wanaostahili kupongezwa wapongezwe. Lakini tuelewane. Hadhi maalumu si uraia, na haiji yenyewe, huombwa. Ushauri wangu ni mwepesi: kama hujachukua uraia wa hapa na una ardhi nyumbani, muone wakili wa Tanzania kabla ya kiapo, si baada yake. Na kama umeshaapa, usijifanye bado raia kwenye fomu za ardhi. Uongo ule ndio utakaotumiwa siku mtu akitaka kukunyang'anya.

Na tunaodai haki zaidi tuendelee kudai. Ila mtu anayedai haki ya kumiliki huku hana hata nakala ya hati yake anadai kwa sauti ndogo.

NYUMBA YA HAPA

Wengi wetu tunadhani ugonjwa huu wa majina ni wa nyumbani tu. Haupo huko tu, na hapa Uingereza nimeuona kwa macho. Mtu hana makaratasi ya uhamiaji yaliyokamilika, au benki haijamfahamu, basi mwenzake anachukua mkopo wa nyumba kwa jina lake peke yake, na wote wawili wanalipa. Miaka inapita, wanaachana au mmoja anafariki, na yule ambaye jina lake halipo inambidi athibitishe mahakamani kwamba alikuwa na sehemu. Kuthibitisha kunawezekana, lakini gharama za mawakili zinaweza kula hiyo sehemu yenyewe. Kama unachangia nyumba ambayo jina lako halimo, andikianeni tamko la dhamana kwa wakili, na sehemu yako ilindwe kwa maandishi kwenye daftari la Land Registry.

Hata yale majina mawili yakiwemo, kuna namna mbili za kumiliki pamoja kwa sheria ya England na Wales. Namna ya kwanza, mmoja akifa nyumba nzima inakwenda kwa aliyebaki, hata wosia useme vingine. Namna ya pili, kila mmoja ana fungu lake, na fungu hilo linafuata wosia wake au sheria ya mirathi. Wanandoa wengi walisaini bila kuulizwa wanataka ipi. Kama una watoto wa ndoa ya kwanza huko Tanga au Morogoro, tofauti hiyo ndiyo itakayoamua kama watapata kitu.

Sasa naomba kina mama mnisikilize vizuri, hasa Waislamu. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufani ya hapa iliamua kwamba nikah iliyofungwa hapa bila kufuata utaratibu wa sheria ya ndoa ya nchi hii haihesabiki kisheria kuwa ndoa, hata ndoa batili. Mbele ya Mwenyezi Mungu umeolewa, mbele ya sheria ya hapa hujaolewa. Maana yake ni nini? Mume akifa bila wosia na nyumba iko kwa jina lake, wewe huhesabiwi mke. Mali inakwenda kwa watoto, na kama hakuna watoto, kwa wazazi wa marehemu. Unaweza kuiomba mahakama ikupe fungu ukionyesha mliishi kama mume na mke kwa miaka 2 au zaidi kabla ya kifo, lakini hiyo ni kesi, na ina muda wake wa miezi 6 tangu kibali cha mirathi kitolewe. Dawa yake ni kwenda kufunga ndoa ya kiserikali pia, jambo la asubuhi moja. Waliooana nyumbani kwa kufuata sheria ya huko wasiwe na wasiwasi, ndoa hiyo inatambuliwa, ila cheti kitunzwe.

Mke au mume wa kisheria naye asidhani anapata kila kitu. Asiyeacha wosia England na Wales, kama ana watoto, mwenzake anapata vitu vya ndani na pauni 322,000 za mwanzo (kiwango cha tangu Julai 2023), na kinachozidi kinagawanywa nusu kwake na nusu kwa watoto. Hakuna faraidh humo, wala hakuna mila ya ukoo. Muislamu anayetaka mafungu yake yafuatwe lazima aandike wosia unaosema hivyo, na sheria ya hapa inamruhusu. Wosia usainiwe mbele ya mashahidi wawili walio pamoja wakati ule ule, na shahidi asiwe mtu anayerithi au mwenzi wake, maana atapoteza fungu lake. Kwa mali ya Tanzania fanya wosia mwingine wa huko. Bara unaweza kuutunza RITA. Ila ule wa pili usiandikwe "nafuta wosia zangu zote", utajikuta umefuta na wa kwanza.

Jambo moja jipya ambalo watu hawajalishika. Tangu tarehe 6 Aprili 2025, kodi ya mirathi ya hapa haiangalii tena moyo wako uko wapi, inaangalia umekaa miaka mingapi. Ukiwa mkazi wa hapa kwa miaka 10 kati ya 20 iliyopita, mali yako ya dunia nzima inaingia kwenye hesabu, na nyumba ya Mbezi imo. Chukua mfano wa mtu asiye na mwenzi wala mtoto. Nyumba ya hapa ikitolewa deni imebaki na thamani ya pauni 250,000, na ya Dar es Salaam ina thamani ya pauni 90,000. Jumla ni 340,000. Kiwango kisichotozwa ni 325,000, zinazidi 15,000, na kodi ni asilimia 40, yaani pauni 6,000. Nani atazilipa wakati pesa zote ni tofali? Wenye kuwaachia watoto nyumba waliyoishi wana nafuu ya ziada ya hadi pauni 175,000, na kinachokwenda kwa mwenzi wa ndoa kwa kawaida hakitozwi. Kwa nikah tupu nafuu hiyo ya mwenzi hamna.

Na kodi ya pango unayopokea kutoka kwa mpangaji wa nyumba ya Dar? Mkazi wa hapa anapaswa kuitangaza HMRC pindi inapozidi pauni 1,000 kwa mwaka, hata kama pesa inabaki huko kwa mama. Kodi uliyolipa TRA kwa pango hilo hilo inaweza kupunguzwa kwenye ya hapa, basi tunza stakabadhi. Kama ulinyamaza miaka mingi, upo utaratibu wa kujitangaza mwenyewe kwa mapato ya nje, na anayejitangaza hutendewa vizuri kuliko anayefuatwa.

BIASHARA NDOGO

Nimalizie na wenye vibiashara: saluni, teksi, kupika mapochopocho ya harusi, kusafirisha mizigo, kusafisha maofisi. Ukiingiza zaidi ya pauni 1,000 kwa mwaka wa kodi, jiandikishe HMRC kabla ya tarehe 5 Oktoba inayofuata mwisho wa mwaka huo. Hesabu za mtandaoni mwisho wake ni 31 Januari, na ukichelewa siku moja faini ni pauni 100 hata kama hudaiwi kodi. Tarehe ya 6 Aprili 2026 ndiyo iliyowekwa kwa wenye mauzo na mapango ya zaidi ya pauni 50,000 kuanza kupeleka hesabu kila robo mwaka kwa programu ya kompyuta, na waliozidi 30,000 mwaka unaofuata. Kwa hiyo ule mfuko wa rambo wa risiti, mkiniletea mwezi Januari, muda wake umekwisha.

Ukifanya kwa jina lako, deni la biashara ni deni lako, na linaweza kufika kwenye nyumba. Ukiandikisha kampuni, deni ni la kampuni, lakini mwenye fremu na benki watakuomba usaini dhamana binafsi. Ukiisaini umerudi pale pale, basi isome kwanza. Na pesa ya kampuni si yako mpaka uilipe kwa utaratibu. Usiitoe kulipia arusi ya mdogo wako.

Lakini kinachonitia hofu zaidi ni ushirika wa marafiki wawili. Mmoja ana gari, mwingine ana wateja, wanakumbatiana, wanaanza. Sheria ya ushirika ya hapa ni ya mwaka 1890, bado inafanya kazi, na inasema watu wakifanya biashara pamoja kwa lengo la faida ni washirika hata kama hawakuandika neno. Mkiwa hamjaandika, faida ni nusu kwa nusu hata kama mmoja alitoa pesa zote. Mwenzako akikopa kwa ajili ya biashara, unadaiwa na wewe. Na mmoja wenu akifa, ushirika umevunjika siku hiyo, na mjane wake anaweza kudai fungu kesho yake wakati gari liko barabarani. Ukurasa mmoja ungesema nani katoa nini, nani anagawana vipi, na mmoja akifa aliyebaki anamlipa mjane kwa hesabu gani na kwa muda gani. Hata kibati chetu tunachochezea, pauni 200 kwa mwezi watu 12, andikeni majina, zamu na nini kitatokea mtu akirudishwa nyumbani au akifariki kabla ya zamu yake.

TUFANYE NINI

Sitaki mtoke hapa na hofu tu. Kwa hiyo fanyeni haya, na hayahitaji utajiri.

1. Wiki hii chukua karatasi, orodhesha kila mali uliyonayo, iko wapi, jina la nani, na hati iko kwa nani. Mwonyeshe mtu mmoja unayemwamini ilipo orodha hiyo.

2. Kama una nyumba England au Wales, jiandikishe kwenye huduma ya bure ya Land Registry ya kukuarifu mtu akigusa daftari la nyumba yako. Wezi wa nyumba zilizoachwa tupu wapo hapa pia.

3. Mpigie simu ndugu anayekushikia mali nyumbani. Usimpigie kama polisi. Mwambie, "Kaka, tukifa leo watoto wetu watagombana. Tuwaepushe."

4. Kama umeoana kwa nikah ya hapa peke yake, nendeni mkaandikishe ndoa.

5. Andika wosia, wa hapa na wa huko.

Najua neno wosia linatutisha. Tumelelewa tukiamini kwamba anayetaja kifo anakiita. Lakini tukumbuke kwamba tuko maelfu ya maili kutoka kwa ndugu zetu, na kila mwaka kwenye mikutano hii tunachangishana kusafirisha maiti ya mwenzetu. Maiti inafika, inazikwa, na baada ya arobaini ugomvi unaanza, kati ya watu ambao marehemu aliwapenda wote. Yule dada niliyewasimulia bado anafanya kazi za usiku. Anajenga tena, safari hii kwa jina lake, na aliyesaini kama shahidi ni yule yule wifi yake.